Habari za Mstari Uliokuwa Dhaifu

Tangu turudi kutoka Marekani tumeulizwa maswali mengi. Wazee hutuuliza habari za baridi na bei ya ng'ombe. Vijana hutuuliza habari za majumba marefu na magari. Wala hapana hata mmoja aliyetuuliza habari za mchezo ambao kwa miezi mitatu ulituweka macho usiku kuliko vitabu vyetu. Basi leo twaandika bila kuulizwa, na msomaji atuwie radhi.

Sisi tu walimu wawili wa shule moja. Mwaka 2012 tulikuwa masomoni katika chuo kidogo cha jimbo la Iowa, nchi ya mahindi matupu. Mtu wa Mbozi akifika huko hujiona yuko kwao, mpaka atafute kilima asikione. Ada yetu ilikwisha kulipwa, lakini fedha ya matumizi ilikuwa haba, tukaomba kazi chuoni. Tukapewa kazi ambayo hatukuitazamia, yaani kupanda mnara wa chuma kando ya uwanja na kupiga picha za mazoezi na mechi. Mmoja wetu alishika kamera, mwenziwe akaandika katika daftari hesabu ya kila jaribio. Usiku tulizipeleka picha hizo katika chumba cha walimu wa mchezo, tukawaonyesha ukutani, tukirudisha nyuma na kupeleka mbele kama walivyoagiza, hata saa nne au saa tano za usiku. Mwezi wa kwanza hatukufahamu neno. Tuliona watu wakubwa wakigongana, kisha filimbi, kisha wakigongana tena.

Inatupasa kueleza kidogo. Mchezo huu Wamarekani huuita futiboli, ijapokuwa mguu hauna kazi kubwa ndani yake. Mpira wake una umbo la papai dogo lenye ncha pande mbili, nao huchukuliwa mikononi au kurushwa. Kila upande una watu 11. Walio na mpira hupewa majaribio manne ili wasogee yadi 10. Wakizipata hupewa manne mengine, wakizikosa mpira huwa wa wenzao. Uwanja una yadi 100 toka mstari wa goli hata mstari wa goli. Kiongozi wa wenye mpira huitwa kwotabeki, na jina hilo halitawashangaza wale waliocheza mpira wetu siku za hafubeki na fulbeki. Yeye hupokea mpira kila mara, na ni shauri lake kumpa mkimbiaji, au kuurusha mbele kwa mwenzake aliye mbali, au kukimbia nao mwenyewe.

Tena mbele ya kwotabeki wapo watu watano. Hao ndio tunaotaka kusimulia habari zao. Wa katikati huinama na kupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake. Kulia kwake wawili, na kushoto kwake wawili. Kazi yao ni kuwazuia adui kwa mikono na vifua. Mpira hawauchukui, wala pasi hawaruhusiwi kuikamata. Watu elfu wakikaa kutazama mechi, macho elfu mbili hufuata mpira, na watano hawa hawatazamwi na mtu ila mama zao. Lakini wakianguka wao, yote yaliyo nyuma yao huanguka. Kwotabeki anayetaka kurusha mpira mbali huhitaji sekunde tatu na zaidi, ili wakimbiaji wake wafike huko mbali. Sekunde hizo tatu hununuliwa na wale watano.

Mwaka ule watano wa chuo chetu walikuwa wamevunjika kabla ya vita. Wawili waliumia magoti katika mazoezi ya mwezi wa Agosti, na mmoja aliacha masomo kwa ajili ya fedha. Mahali pa mtu wa mwisho wa kushoto, ambaye humlinda kwotabeki mgongo anapogeuka kurusha kwa mkono wa kuume, akawekwa kijana wa mwaka wa pili, mwana wa mkulima, mwenye ratili 230. Kwetu sisi mtu wa kilo 104 ni pandikizi. Kule, katika kazi ile, ni kijiti, kwani waliosimama mbele yake walikuwa na ratili 270 na 280, na mbio juu yake. Alikuwa mpole, mwenye aibu. Tulimfahamu kwa kuwa alisoma ualimu kama sisi, na mara nyingi tulikutana naye katika chumba cha vitabu.

Mwalimu mkuu wa mchezo alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti iliyokwisha kukauka. Kwa miaka mingi timu yake ilicheza kwa namna moja, yaani kwotabeki hurudi nyuma hatua saba, husubiri, hurusha mbali. Namna hiyo ilimpa sifa alipokuwa na watu wa kuiweza. Mwaka ule hakuwa nao, na kwa mechi tatu hakuiacha. Mechi ya kwanza tuliandika katika daftari letu kwamba kwotabeki aliangushwa mara sita. Ya pili mara saba. Ya tatu hatukumaliza hesabu, maana katika kipindi cha tatu yule wa kushoto alipitwa kama mlango ulioachwa wazi, na kwotabeki akapigwa ubavuni kutoka nyuma, asimwone aliyempiga. Alilala chini muda mrefu. Sisi juu ya mnara tuliendelea kupiga picha, kwa kuwa ndiyo tuliyoajiriwa kufanya, lakini mkono ulitetemeka na picha zile zinaonyesha hivyo.

Mbavu mbili zilipata ufa. Mama yake, ambaye alikuwa hakosi mechi na hukaa pale pale penye blanketi lake jekundu, toka siku ile hakuingia tena uwanjani. Alikuja, lakini alikaa ndani ya gari nje ya ukuta, akisikiliza redio ya mji.

Usiku wa Jumapili tulikuwa tumekwisha kuweka picha tayari, mlango ukabishwa. Aliingia yule kijana wa kushoto, ameshika fulana yake ya mchezo iliyokunjwa vizuri. Akaiweka mezani, akasema, “Mwalimu, tafuta mwingine. Nitamwua mwenzangu.” Sisi tukainuka tutoke, tukaambiwa tukae.

Yule mwalimu hakujibu upesi. Alituomba tuonyeshe ile picha ya jaribio la mwisho, nasi tuliona ni ukatili. Lakini alisema tena, tukaionyesha. Akatoa saa yake, akapima. Akaturudisha, akapima tena. Kisha akamwambia kijana, “Umemzuia kwa sekunde mbili na nusu. Jaribio la kabla yake, sekunde mbili na nusu. La kabla yake, mbili na robo. Nimekuomba sekunde nne kwa wiki tatu, nawe huna. Mwanangu, chukua fulana yako. Mimi ndiye niliyempeleka yule kijana hospitali.”

Msomaji atajua jinsi maneno hayo yalivyotuingia. Miaka mingapi tumesimama mbele ya watoto, tukawataka kitu wasicho nacho, kisha tukawaandikia alama ya kukosa! Lakini hayo ni mambo yetu, turudi Iowa.

Wiki ile hatukulala. Walimu wa mchezo walikuwa wanne, nao walifuta ubao wote wakaanza upya, na swali lao lilikuwa moja tu, yaani mtu awezaye kumzuia adui kwa sekunde mbili na nusu, afanyiwe kazi gani itakayokwisha kwa sekunde mbili?

Kwanza walifupisha pasi. Kwotabeki, ambaye kwa mechi mbili alikuwa mtu wa akiba, alifundishwa kurudi hatua tatu badala ya saba, na mpira utoke mkononi upesi kwa mtu aliye karibu, yadi tano au sita. Adui akimshinda yule wa kushoto, na amshinde. Atakapofika atakuta mpira umekwisha kwenda. Pili walimhamisha kwotabeki mwenyewe. Badala ya kusimama mahali pamoja kama mti wa kulengwa, akimbie upande wa kuume huku akitazama, ili yule adui wa kushoto awe na safari ndefu. Namna hii ina hasara yake, kwa sababu nusu ya uwanja huachwa bila kutumiwa, na walinzi wenye akili hujua.

Lililotupendeza zaidi lilikuwa kuigeuza mbio ya adui kuwa msaada. Adui aliyezoea kupita kwa urahisi hupita bila kutazama. Basi wale watano walifundishwa kujifanya wameshindwa, wawaache wapite, kisha wakimbilie pembeni wote pamoja. Kwotabeki anarusha pasi fupi juu ya vichwa vya wavamizi, mkimbiaji anaipokea, na mbele yake wapo watu wakubwa watatu wasio na adui wa kuwazuia. Au mmoja huachwa apite katikati, akifurahi, halafu mtu wa pili wa mstari anakuja kutoka ubavuni na kumpiga asipotazamia. Kumsukuma mtu mzito uso kwa uso ni kazi ya mwenye nguvu. Kumpiga ubavuni hata mwenye ratili 230 huweza.

Tena walisogeza miguu yao mbali kidogo, kila mtu na mwenzake. Jambo hili tulilicheka, tukadhani mstari dhaifu hubanwa kama vidole. Yule mwalimu alitueleza kwamba adui naye hana budi kusimama mbali, na wa mwisho wa pembeni sasa ana njia ndefu ya kumfikia kwotabeki. Akatutajia Hal Mumme, aliyefundisha timu hoi ya chuo cha Iowa Wesleyan mjini Mount Pleasant, katika jimbo hilo hilo, toka mwaka 1989, pamoja na msaidizi wake Mike Leach. Baadaye Leach alikuwa mkuu wa mchezo katika chuo cha Texas Tech toka mwaka 2000 hata 2009, na nafasi pana kati ya watu wake wa mstari zilijulikana nchi nzima. Leach alikufa mwaka 2022, na Iowa Wesleyan kilifunga milango yake mwaka uliofuata. Lakini mchezo wao unachezwa hata leo katika vyuo vingi.

Yule mtu alipenda kusimulia ya kale, na usiku, kahawa ikipoa, alitupa historia ambayo hatukuipata darasani. Alisema kwamba karibu kila jambo jipya la mchezo huu limebuniwa na walio wepesi walipolazimika kupambana na wazito. Zamani watu walijifunga pamoja kama kundi la nyati na kusukumana, hata wanafunzi wakafa, na mwezi wa Oktoba mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt aliwaita wakuu wa mchezo wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton nyumbani kwake Washington kwa ajili ya ukali huo. Mwaka 1906 sheria iliruhusu mpira kurushwa mbele. Wenye nguvu waliudharau urushaji huo. Tarehe 1 Novemba 1913 vijana wa Notre Dame, ambao hawakutajwa sana wakati ule, walikwenda West Point kupambana na chuo cha jeshi. Gus Dorais akarusha, Knute Rockne akadaka, wakashinda 35 kwa 13.

Lakini habari iliyotugusa sisi ni ya shule ya Carlisle katika Pennsylvania. Ilifunguliwa mwaka 1879 kwa ajili ya watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani, ambao wengi walichukuliwa mbali na wazazi wao, wakakatwa nywele, wakakatazwa lugha zao. Sisi tuliosoma na kufundisha katika shule za wageni tulisikiliza kwa masikio mawili. Watoto hao walikuwa wembamba kuliko wapinzani wao, na mwalimu wao wa mchezo, Glenn Warner, hakuwapeleka kusukumana. Aliwafundisha mbio, hila na pasi. Mwaka 1907 waliishinda Pennsylvania 26 kwa 6. Mwezi wa Novemba mwaka 1912, wakiwa na Jim Thorpe, walilishinda chuo cha jeshi 27 kwa 6, na katika upande wa jeshi alikuwamo kijana Dwight Eisenhower, aliyekuwa rais baadaye. Shule ile ilifungwa mwaka 1918. Mmoja wetu aliuliza kama watoto wale walifurahi ushindi ule zaidi kwa kuwa walioshindwa ni askari. Mwalimu akasema, “Wewe ungefurahi?” Tukanyamaza, naye akacheka.

Mechi ya nne tulishindwa tena, lakini kwotabeki wa akiba aliangushwa mara mbili tu. Ya tano tulishinda. Yule wa mbavu alirudi katika mechi ya sita, amefungwa kitambaa kinene chini ya fulana. Tusidanganye: mstari haukupata nguvu mpya. Kijana wa kushoto alishindwa kila Jumamosi na watu waliomzidi, na picha zetu zilionyesha. Ila sasa kushindwa kwake kulikuwa kumewekwa katika hesabu. Tena walimu waliyapunguza mambo ya kufanya, toka kurasa nyingi hata moja, ili wale watano wayajue kama majina ya ndugu zao. Katika chumba cha vitabu tulimwona kijana yule akichora mistari juu ya karatasi ya somo la malezi ya watoto. Hatukumkemea.

Jambo la mwisho walilofundishwa lilikuwa gumu, nalo lilichukua wiki tatu. Adui mmoja aliye hodari kupita wote huachwa bila kuzuiwa na mtu. Akili ya kwanza hukataa! Lakini fikiri: mtu usiyeweza kumzuia, mbona kumpotezea mtu wa kumzuia? Yule wa kushoto huenda ndani kumsaidia mwenziwe, wawili juu ya mmoja. Kwotabeki humpa mkimbiaji mpira tumboni, asiuachilie bado, huku akimtazama yule hodari aliyeachwa. Akimrukia mkimbiaji, kwotabeki huuvuta mpira na kukimbia nao pale alipotoka. Akimngoja kwotabeki, mkimbiaji huenda nao. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili. Chuo cha wanamaji cha Marekani, ambacho watu wake wa mstari kwa desturi ni wepesi kuliko wa vyuo vikubwa, kilicheza kwa namna ya jamii hii chini ya Paul Johnson, na mwaka 2007 kikaishinda Notre Dame 46 kwa 44, baada ya kushindwa nayo mara 43 mfululizo toka mwaka 1964.

Mechi ya mwisho ilichezwa nyumbani, katikati ya Novemba, na baridi ilikuwa kali hata mwandishi wa daftari alishindwa kushika kalamu. Wageni walikuwa na mtu mmoja wa pembeni, ratili 280, mwepesi kama mbuzi. Mchana ule alimwangusha kwotabeki wetu mara tatu, na mara zote alipita kwa yule kijana wa kushoto. Ilipobaki dakika moja tulikuwa nyuma kwa alama tatu, jaribio la nne, na yadi nne za kwenda mpaka mstari wa goli. Mwalimu akaita ile ya kumwacha hodari.

Nasi juu ya mnara tulijua ameita nini. Tulikuwa tumeiona mara mia katika mazoezi. Hata hivyo, mpira ulipopita tuliona mkimbiaji akiinama na kukumbatia tumbo lake, na kamera ikamfuata. Yule mtu wa ratili 280 alimfuata pia. Akamkamata kwa mikono miwili, akamlaza chini, naye mkimbiaji hakuwa na kitu. Tulisikia uwanja mzima ukipiga kelele, tukageuza kamera, tukachelewa. Tulishinda, na msimu ukaisha kwa ushindi mara nne na kushindwa mara sita.

Usiku tulikwenda kuonyesha picha, na tukakiri kosa letu mbele ya walimu wote. Mwalimu mkuu alicheka hata akafuta machozi. “Ninyi mmedanganywa nanyi mlikuwa juu,” akasema, “tena mlijua! Msimlaumu yule wa chini.”

Siku mbili baadaye mama yake kwotabeki alitujia chuoni. Redio ilikuwa imemsimulia, lakini alitaka kuona. Tulimweleza kwamba mwanawe hamo katika picha ile, ila mguu mmoja pembeni. Akasema tumwonyeshe hivyo hivyo. Akaitazama mara mbili, na mara ya tatu akaweka kidole juu ya kioo, pale katikati ambapo watu wawili wamemlaza adui mmoja, na mmoja wao ameinuka kwa magoti, mikono miwili juu, akitazama upande ambao kamera haikufika.

“Na huyu,” akauliza, “ni mtoto wa nani?”

Tukamtajia jina lake, na shamba la baba yake lilipo.